Sindano Kwapani mwa Faki

Hapo zamani, katika mji wa Kitamba, alikuwako tabibu aitwaye Mwengo, mwenye elimu nyingi na subira kidogo. Mgonjwa akimfia, hasemi kama wenzake kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Yeye husema, "Njia ipo, nami nitaitafuta." Akatafuta. Akamfufua kifaranga, kisha akamfufua mbuzi. Mbuzi yule hakula tena jani hata moja, lakini nani amuulize mbuzi?

Siku moja akafa Faki, fundi seremala, kijana mwenye mke na mtoto mdogo. Mwengo akamwendea mjane, Bi Mwanamvua.

"Niachie maiti kidogo kabla hajaoshwa. Nikiweza, mumeo atarudi."

Mwanamvua alikuwa akilia hata haoni mlango. Akasema, "Fanya, tabibu. Fanya lolote."

Mwengo akachukua sindano ya shaba iliyolowa dawa yake, akamchoma Faki kwapani, akaizamisha mpaka kikabaki kichwa tu.

Akaja Mzee Shehe, mwosha maiti. Kuinua mkono aoshe kwapa, akaiona. Lakini mwosha mnamjua: alionalo kwa maiti halitoki kinywani mwake, ndiyo amana ya kazi yake. Akamimina maji, akafunga sanda, akanyamaza. Faki akazikwa.

Ijumaa, dawa ikiwa imekwisha kolea na watu wakiwa msikitini, Mwengo akalifukua kaburi. Faki akainuka, akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Alirudi nusu, maskini. Chakula hakina ladha, usingizi hauji. Jua la saa sita linawaka, yeye anatetemeka. Vidole vimekakamaa, hata kijiko hakishiki. Mtoto wake akimwona hukimbilia nyuma ya mama yake, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Akawaita tabibu, mkewe na mwosha uani kwake, na majirani wakaja.

"Mimi nilikwisha fika," akasema. "Mmenirudisha njiani. Itoeni sindano nipumzike. Mikono yangu haiwezi, na siondoki hapa mpaka itolewe."

Mwengo akasema, "Kazi yangu ni kuponya. Nimehangaika maisha yangu yote nimrudishe mtu mmoja, kisha nimuue kwa mkono wangu? Siwezi. Mkewe ndiye aliyeniruhusu. Bila neno lake nisingemgusa."

Mwanamvua akasema, "Mimi niliomba mume, tabibu, sikuomba haya. Nimo katika eda ya mtu aliyekaa mbele yangu. Nikiichomoa mimi, mwanangu atakua akijua kwamba mama yake ndiye aliyemuua baba yake."

Mzee Shehe akainamisha kichwa. "Mimi niliiona, wanangu. Ningesema, asingeteseka. Lakini mwosha akianza kutangaza ayaonayo, nani atamkabidhi maiti wake? Nilitunza amana, na mikono yangu huosha wafu, haiui walio hai. Aliyechoma na achomoe."

Faki akajivua shati kwa taabu, akainua mkono juu, akabaki hivyo, kwapa liko wazi, anawatazama mmoja mmoja.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza. Msikimbilie kumtaja tabibu kwa kuwa hampendezwi naye, wala msimsamehe mjane kwa kuwa analia. Mtu anangoja, na mkono unachoka. Je, nani alistahili kuichomoa?