Sufuria ya Keki ya Bi Mwanaheri

Sogeeni karibu, mwenye chai anywe na mwenye andazi atafune. Kisa hiki hakina jini wala sungura. Kina keki, na kina wanawake watatu ambao mpaka leo sijui niwapatanishe vipi.

Watatu hao walikaa Lindi, na wote walimwita Bi Mwanaheri mama, ingawa mmoja hakumzaa.

Hadia, binti mkubwa, alijaliwa ulimi. Akionja mchuzi kwa ncha ya kijiko anakwambia nazi yake imekunwa leo au imelala, na hakosei.

Somoe, mdogo wake, alijaliwa mkono. Alisonga, alikanda, alipiga mayai, na mkono wake ulijua wenyewe wakati wa kuacha. Ukimuuliza amejuaje, anacheka tu.

Tausi hakuwa binti, alikuwa mkwe, mke wa kaka yao Mshamu. Yeye alijaliwa moto. Mkaa unaowatoa wenzake machozi, yeye anaupepea kidogo tu unawaka.

Bi Mwanaheri alikuwa na sufuria ya keki ya bati, ile ya duara yenye tundu katikati, aliyoachiwa na mama yake. Katika ukoo ule mwenye sufuria ndiye mwenye ndugu. Idi ikifika, mtoto akihitimu Kurani, posa ikiletwa, keki huokwa kwa sufuria ile, na inapookwa ndipo watu wote hukutana. Hakuna aliyealikwa. Watu walijua tu pa kwenda.

Basi mama huyu alikuwa na ujanja wake. Hakumwonyesha mtu kazi yote. Hadia alikaa ndani, akaonja. Somoe alipewa bakuli la siagi na sukari, akapigia barazani. Tausi alipoletwa bibi harusi akapewa moto uani, na ukuta wa jikoni asiusogelee. Kila mmoja alijua fungu lake, la mwenzake halijui.

Siku moja Somoe alimwambia, "Mama, nifundishe yote, nikaoke kwangu."

"Nikikufundisha yote utaoka kwako," Bi Mwanaheri akajibu. "Mimi nitakuona lini?"

Akacheka. Somoe naye akacheka, lakini aliona macho ya mama yake hayakucheka.

Miaka ikaenda, mama akazeeka, akaugua. Miguu ikamkataa, kisha chakula kikamkataa. Uji alisukuma, supu ya samaki alisukuma. Mshamu akaleta keki nzuri ya dukani yenye maua ya sukari. Mama akainusa, akageukia ukutani.

"Nataka keki yangu," akasema. "Ile ile. Nikiipata hiyo sidai kitu tena."

Na ile ile hakuna aliyeijua, ila mwenyewe, na mwenyewe maneno yalishaanza kumpotea. Ukimuuliza vipimo anataja majina ya watu waliokwisha kufa. Basi wale watatu wakakutana katika nyumba ya mama, kila mmoja na fungu lake.

Hadia alikuwa mgonjwa wa sukari. Daktari alishamkanya vitu vitamu, tena kwa ukali. Lakini rojo la keki halionjwi kwa macho. Akaonja, akatikisa kichwa, likachanganywa jingine, akaonja tena. "Hapa mmetia maziwa," akasema. "Mama hakutia maziwa, alitia tui, tena tui la kwanza. Na iliki aliitwanga pamoja na ganda la chungwa." Likachanganywa jingine. Akaendelea kuonja mpaka kizunguzungu kikamshika, akaonjea kitandani, kijiko wanampelekea. Mwishowe akafumba macho, akasema, "Hili." Na machozi yakamtoka.

Somoe bega lake lilikuwa bovu, liliteguka siku alipoteleza bafuni, likakaa vibaya. Jirani akawaazima mashine ya umeme. Wakaitia kwenye bakuli, ikanguruma, na kwa joto la siku ile siagi ikayeyuka ikawa mafuta matupu. Somoe akaitazama mashine, akautazama mwiko. Akachukua mwiko. Alipiga siagi na sukari akiwa ameuma upindo wa kanga, maana kila mzunguko ulimchoma begani kama sindano. Tausi akamwambia, "Wifi, pumzika." Akakataa. Alijua akipumzika mkono utasahau ulipofika. Alipiga mpaka sukari ikaacha kukwaruza na siagi ikawa nyeupe pe, ndipo mkono ukaacha wenyewe. Baada ya hapo alivalishwa gauni na bintiye, kwa kuwa bega lilikuwa haliinuki.

Tausi naye alishakoka jiko, akaiteleka sufuria, moto kidogo chini, akaipalia makaa mengi juu ya mfuniko. Mara mvua. Wenye kuoka wanajua, keki iliyoanza kuumuka haihamishwi. Ukiitikisa imekaa chini na hainyanyuki tena. Tausi hakuihamisha. Alivua kanga ya juu akaitandaza juu ya jiko kwa mikono miwili, akasimama vile vile mvua ikimnyeshea, na kaa lilipodondoka kutoka kwenye mfuniko akaliokota kwa vidole akalirudisha. Mvua ilipopita, viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu. Keki ilikuwa imeiva, rangi yake ya asali.

Wakampelekea mama. Akala kipande. Akaomba kingine. Akalamba vidole, jambo alilolikemea maisha yake yote.

"Ndiyo yenyewe," akasema, na uso ukang'aa. "Nani kaioka?"

Hapa, jamaa zangu, ndipo ninapowaomba mnisikilize. Somoe alikuwa na neno tayari kinywani. Neno lenyewe ni sote. "Sote, mama." Jepesi, hata mtoto angelisema. Lakini aliona mama anamtazama Hadia, kama alivyomtazama Hadia tangu wakiwa wadogo, na bega likampwita, na akawaza: mara moja tu, mara moja tu anitazame mimi.

"Mimi," akasema.

Na katika pumzi ile ile akamsikia Hadia upande wake wa kulia, "Mimi," na Tausi nyuma yake, "Mimi."

Bi Mwanaheri akawatazama mmoja mmoja. Somoe aliuona ule mng'ao ukipungua usoni kwake, taratibu.

"Basi aliyeioka achukue sufuria yangu," mama akasema. "Na wenziwe wasimwonee kijicho."

Akageukia ukutani. Kabla ya adhana ya alasiri alikuwa ameshakata roho.

Wakazika, wakalia, wakasoma khitma. Watu walipotawanyika, shangazi yao Bi Tabia, dada wa baba, akaiweka ile sufuria mkekani. "Haya," akasema, "mwenye nayo aichukue."

Mikono mitatu ikanyoshwa.

"Bila ulimi wangu mngempelekea mkate," Hadia akasema. "Nimekaribia kumfuata mama kwa ajili ya kile kijiko."

"Bila mkono wangu ulimi wako ungeonja mafuta," Somoe akasema.

"Mimi najua nimeolewa tu hapa," Tausi akasema, akafungua viganja vyake vyenye makovu mabichi. "Lakini mama alisema aliyeioka. Hakusema niliyemzaa. Na kuoka, wifi zangu, ni moto."

Bi Tabia akawasikiliza mpaka wakachoka. Kisha akauliza, "Kama mliioka watatu, kwa nini kila mmoja alimwambia mimi?"

Sasa kila mmoja aliliona shimo aliloingia. Anayerudisha mkono wake anakiri kwamba alimdanganya mama saa yake ya mwisho, na mama hayupo wa kuombwa radhi. Mikono ikabaki pale pale. Bi Tabia akaichukua sufuria, akaifungia kwake.

Ikaja Idi. Kwa mara ya kwanza keki zilikuwa tatu, katika nyumba tatu. Ya Hadia ilikuwa tamu lakini imelala kama chapati. Ya Somoe ilikuwa laini, ladha hakuna. Ya Tausi ilikuwa na rangi nzuri, ukiikata ngumu. Mshamu alipita nyumba hadi nyumba akila kwa kusimama, mke huku, dada kule, hakukaa popote. Watoto wa Somoe waliuliza wenzao wako wapi. Somoe akawaambia, "Kuleni tu."

Alijuta mwanamke yule. Alijuta akiosha vyombo, alijuta akisali. Hakujutia sufuria. Alijutia ule uso uliopungua mng'ao, na kwamba yeye alikuwa na neno la kuuzuia, akalimeza.

Akaenda kwa Bi Tabia. "Shangazi, shikamoo. Mpe Hadia sufuria."

"Marahaba. Kwa hiyo wewe hukuioka?"

Somoe akainamisha kichwa. "Niliioka."

"Na Hadia?"

"Aliioka."

"Na mke wa Mshamu?"

"Naye aliioka, shangazi."

"Maneno mazuri haya," Bi Tabia akasema. "Ungemwambia mama yako."

Somoe akalia pale mlangoni, na shangazi akamwacha alie, kisha akamtilia chai. Sufuria hakuitoa, maana si yake kuitoa, na wosia ulimtaja mmoja.

Najua kuna mtu hapa ana jibu ulimini: watumie kwa zamu. Walishalisema hilo. Likaja swali la nani aanze, wakarudi pale pale. Na asiniambie mtu ikatwe. Bati lililokatwa halioki kitu.

Kwa hiyo nalileta swali kwenu, wakubwa na wadogo. Hadia aliijua keki kuliko wote, na alihatarisha roho yake. Somoe aliiumua kwa bega bovu, na ndiye pekee aliyekwenda kukiri kuwa wenziwe nao waliioka. Tausi aliiivisha kwa viganja vyake, naye hakuwa hata damu ya mama yule. Sufuria ni moja, na atakayeipata ndiye nyumba yake itakayowarudisha ndugu pamoja, au itakayowatenga kabisa. Je, wewe ungempa nani? Na kama ungekuwa umesimama mbele ya kitanda kile, mama anakutazama, keki ingali kinywani mwake, anauliza nani kaioka, ungemjibu nini?