Siku Mama Kibuyu Alipokosa Kukamuliwa

Hapo zamani za kale, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio, mbuzi wanne walikaa nyumba moja. Mama Kibuyu alikuwa mbuzi wa maziwa, chai ya nyumba nzima ilitoka kwake. Bi Sufi alikuwa wa manyoya marefu, laini, ya kufumia mablanketi. Bwana Mnofu alikuwa wa nyama, mnene, kutembea kwake puh! puh! Wa nne alikuwa Kipuli, kambuzi ka kienyeji kasikofika hata magoti ya wenzake. Lakini mdomo sasa!

Asubuhi moja Chui alipita, akasimama mlangoni.

"Mchana nakuja kumchukua Mnofu. Namwoza binti yangu, wageni watakula nini?"

Akaenda zake akijilamba manyoya. Chui yule alijipenda, jamani! Alijitazama hata kwenye madimbwi.

Mnofu akaangua kilio. "Mwenzangu ana maziwa, mwenzangu ana sufi. Mimi kazi yangu kuliwa tu!"

"Nyamaza, kaka," Kipuli akasema, ingawa na yeye moyo ulimwuma. "Bi Sufi, leo si siku yako ya kunyolewa?"

"Ndiyo, lakini..."

"Leta mkasi. Nawe Mama Kibuyu, leo hukamuliwi."

"We mtoto! Nitapasuka!"

"Vumilia, mama yangu. Mnofu, kunywa ndoo hiyo ya maji yote."

Kacha! kacha! kacha! Bi Sufi akabaki kipara kuanzia shingoni hadi mkiani, mifupa nje, anatetemeka.

Jua la utosi, Chui huyo! "Hodi!"

"Usiingie, mjomba!" Kipuli akapiga kelele. "Tumepatwa na upele!"

"Upele gani? Asubuhi mlikuwa wazima."

"Ndiyo ubaya wake. Chungulia mwenyewe."

Chui akachungulia. Akamwona Bi Sufi. "Lahaula! Manyoya yake yako wapi?"

"Yamepukutika yote. Unawashwa kidogo tu, kisha yanaondoka."

Chui akajishika mgongo. "Na yule mama, mbona amevimba hapo chini?"

Mama Kibuyu alikuwa amejaa mpaka maziwa yanajidondokea yenyewe, to, to, to.

"Usaha huo, mjomba."

"Yallah! Na Mnofu?"

Mnofu, tumbo limejaa maji, akajaribu kusema. "Bweeeu!"

"Umesikia? Ulidhani ule ni unono? Ni uvimbe! Lakini mchukue tu, mjomba, harusi ni harusi. Wageni wakitoka vipara, utasema Mungu kapenda. Ila... mbona unajikuna?"

Kweli, Chui alikuwa anajikuna! Kru, kru, kru! "Mama yangu, manyoya yangu!" Akatimua mbio mpaka mtoni, akajitupa majini, chubwi! Wageni wa harusi walikula viazi.

Mama Kibuyu akapiga kelele, "Leteni ndoo, nakufa!" Wakamkamua wakicheka hadi machozi. Bi Sufi akasogea kwa Mnofu, akajibanza kwenye lile tumbo.

"Usiende popote," akamwambia. "Mpaka manyoya yangu yaote, blanketi langu ni wewe."

Mnofu akalia tena, safari hii kwa furaha.

Basi wanangu, kitu usichokijua usikubali uelezwe na yule anayetaka usikichukue.