Siku Sultani Alipopanga Foleni ya Barua

Hapo zamani, katika nchi iliyokuwa na mawaziri wengi kuliko madaraja, alikuwako tarishi mmoja jina lake Shekwavi, fukara asiye na kitu ila fimbo na njuga za mguuni. Yeye na mwenziwe walipeleka barua milimani, na watu wa huko wakisikia njuga huacha majembe wakakimbilia njiani.

Basi matarishi wakaomba viatu na mwenzao wa tatu, wapate kupokezana. Waziri Mkuu, ambaye hajapata kupanda hata kichuguu, akasema, "Milimani hakuna faida, bwana wangu. Mwenye barua na aje aichukue mwenyewe." Sultani akapendezwa, akapiga mbiu: kila mtu aifuate barua yake kwa miguu yake, na tarishi atakayeitoa nje ya mlango wa posta atafungwa.

Shekwavi alichukia mno, maana aliwajua wale watu mmoja mmoja. Lakini akainama, akasema, "Amri imesikika." Akavua njuga, akaketi mlangoni.

Hata siku moja mtumishi akateremsha barua ya kumpa Sultani kutoka milimani, alikoolewa binti yake, naye binti alikuwa mja mzito; akaiacha posta kama amri ilivyotaka. Sultani, aliyekuwa hali wala halali kwa wasiwasi, akamtuma Waziri akaichukue.

"Jina lako silioni hapa," akasema Shekwavi.

Ikawa Sultani kwenda mwenyewe. Akakuta foleni ya watu wenye vumbi hadi magotini, akasimama nyuma ya bibi mmoja mwenye kuku. Jua likampiga hata alasiri.

"Vumilia, baba," akasema yule bibi. "Mimi nimetembea siku nne."

Alipoipata barua akaisoma palepale. Mjukuu wa kiume amezaliwa, na jina atapewa siku ya saba. Babu asipoleta jina, litatoka upande wa mume. Na siku ya saba ilikuwa kesho.

"Shekwavi, lipeleke jina sasa hivi."

"Nitafungwa, bwana wangu. Tena tukiwa wawili, pekupeku, ni siku mbili. Tukiwa watatu wenye viatu, kesho adhuhuri tumefika."

Sultani akaitazama foleni, akacheka hata machozi yakamtoka. Akavua viatu vyake akampa, wengine wakaletewa vyao, tarishi wa tatu akaandikwa, na amri ikatanguliwa hapohapo.

Jina likafika mtoto hajanyolewa. Waziri naye akaamriwa awafuate kwa miguu, akaitafute hiyo faida. Alifika siku ya nne, akaomba karatasi amwandikie Sultani amletee punda, kisha akauliza tarishi anapita lini.