Aioni Aliyerudishwa Matopeni

Nifungue?
— Fungua.
Ndani mna nini?
— Tutajua ukifungua.

Hapo kale, kwenye pwani ya Foinike, kabla haijawa na mji hata mmoja, Aioni alipasua tini, akampa mumewe kipande kikubwa. Yeye ndiye aliyewaonyesha watu kwamba matunda ya mti huliwa.

"Maganda usitupe mlangoni," akasema.

"Nilitupa lini?"

"Jana. Na juzi. Na leo utatupa."

Mumewe, Protogono, mzaliwa wa kwanza wa Upepo na Giza, akacheka. Aioni akajilaza kivulini. Hakuamka.

Msimcheke Protogono kwa alilofanya, jamani. Hakuna aliyekuwa amewahi kufa. Alijua jambo moja tu, lile walilolijua wote: viumbe vilitoka kwa Moti, tope la kale. Vililala humo kama mayai, radi ikanguruma, vikaamka. Basi akambeba mkewe hadi ukingoni mwa tope.

"Babu Moti, mke wangu kalala, haamki. Zamani ulituatamia sisi. Mwatamie na huyu."

"Mlaze," Moti akasema. "Halafu piga radi."

Akamlaza, miguu ikielekea topeni. Akagonganisha mawe mawili makubwa: ngu! Tope likamfika Aioni magotini. Akagonga: ngu! Likamfika kifuani. Akagonga mara ya tatu, mikono ikatoka damu. Tope likafunika uso, likatulia.

Akangoja. Akangoja. Akangoja.

"Babu, mbona haamki?"

"Aamke aende wapi? Amefika."

"Nilimleta umwamshe."

"Umemleta, hilo kweli. Mimi sikuja kumchukua. Hata njia ya kwenu sikuijua."

"Nirudishie, babu."

"Mimi hutoa mara moja. Kinachorudi hukaa." Moti akaitazama njia. "Tope langu limezijaza nyayo zako, mjukuu wangu, toka hapa hadi nyumbani. Sasa njia naiona. Mko wangapi huko?"



Kulipokucha Protogono akayasimamisha yale mawe mawili ukingoni, moja la mkewe, moja lake. Akachuma tini, akalipasua. Kipande kikubwa akakiweka juu ya jiwe la Aioni. Kidogo akala. Maganda akayashika mkononi njia nzima, na mlangoni hakuyatupa.

Nafunga.
— Funga.
Nani kabaki ndani?
— Tunamjua.