Hodi Tatu za Kiwanja cha Shule

Paukwa.

Pakawa.

Kaa vizuri, acha kumsukuma mwenzako. Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na watoto, hapakuwa na shule.

Haya, sikilizeni.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walisomesha watoto wao ng'ambo ya mto. Kiangazi wote walivuka. Masika mto ulijaa. Watoto wa Twiga walivuka, maji yakiwafika magotini. Watoto wa Pundamilia walivuka, maji yakiwafika tumboni. Mtoto wa Digidigi, jina lake Sikudhani, alibaki nyumbani, maana maji yangempita masikio.

Kwa sababu hiyo Sikudhani alikuwa amerudia darasa la kwanza mara mbili. Mwalimu wa ng'ambo alimwambia mama yake, "Akikosa na masika haya, jina nalifuta. Hapa hatufugi wazee darasa la kwanza."

Basi siku wanyama walipokutana ili kujenga shule upande wao wa mto, Mama Sikudhani alifika kabla ya mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa Ngiri. Akasema, "Kiwanja nimeshapata. Ile tambarare yenye mkuyu katikati. Haina jiwe, haina kisiki."

"Umepiga hodi?" aliuliza Nyegere, ambaye ndiye fundi.

Maana pale bondeni walikuwa na desturi. Anayetaka kujenga huenda kiwanjani akapiga hodi tatu: kwa walio juu, kwa walio chini, na kwa walio mteremkoni. Akikaribishwa, hukaa nao wakazungumza. Asipojibiwa, hurudi kwake, akaja siku nyingine. Ndivyo na nyinyi mnavyofanya mlangoni kwa watu, au ndivyo nilivyowafundisha.

Ngiri akasema, "Nakwenda sasa hivi."

Ilikuwa saa sita mchana, kiangazi bado kikali. Akasimama kivulini.

"Hodi wa juu."

Kimya.

"Hodi wa chini."

Kimya.

"Hodi wa mteremkoni."

Kimya. Ngiri akajikuna ubavu, akajijibu mwenyewe, "Karibu," akarudi mkutanoni.

"Wamesemaje?"

"Hawakukataa."

Wengine walitazamana. Lakini masika yalikuwa karibu, na wa kwanza kuinua mguu kuunga mkono alikuwa Mama Sikudhani.

Kazi ikaanza. Nyegere akaupiga mkuyu shoka moja tu, popo wakafumuka juu kama moshi.

"Nani anabomoa nyumba za watu?" aliuliza Popo, macho bado mazito.

"Tulipiga hodi," akasema Ngiri.

"Lini?"

"Mchana."

"Mchana mimi nalala. Tena makuyu ninayokula hapa, mbegu zake naziangusha kila mahali, miti inaota. Mkiukata huu, wajukuu wenu wataokota kuni wapi?"

"Tafuta mti mwingine," akasema Ngiri.

Wakachimba msingi. Jembe likamfukua Chura, kavimba usingizi, mwili wote tope kavu.

"Mbona mnanifukua kwenye dimbwi langu?"

"Dimbwi lipi, mzee? Mimi naona vumbi."

"Ngoja mvua."

"Tafuta vumbi lingine," akasema Ngiri.

Wakachimba mashimo ya choo, upande ule ardhi inakoshuka. Siku hiyo Mama Sikudhani alikwenda kuteka maji chemchemini, chini ya mteremko. Akamkuta Kaa anafunga mizigo.

"Unahama, jirani?"

"Nahama. Vyoo vyenu viko juu ya kichwa changu. Mvua ikinyesha, vyote vinashukia humu. Mimi nina miguu kumi, nitafika mbali. Wewe na hiyo ndoo utafika wapi?"

Mama Sikudhani akaitega ndoo majini. Akisema, kazi itasimama na jina la mtoto litafutwa. Akinyamaza, mtoto atasoma na atakunywa maji haya. Alikaa pale mpaka ndoo ikafurika. Kisha akapanda.

"Mwenyekiti, simamisha kazi."

Ngiri akacheka. "Si wewe uliyeililia shule hii?"

"Naililia bado. Lakini mtoto anayeharisha hasomi. Hodi yako haikujibiwa, Bwana Ngiri. Ulijikaribisha."

"Na masika yakitukuta?"

"Yatukute tunajenga mahali panapojengeka."

Nyegere akatupa jembe. "Mimi sichimbi tena mpaka nikaribishwe."

Mama Sikudhani akaenda yeye mwenyewe. Alikwenda jua likizama, popo wanapoamka. "Hodi wa juu."

"Karibu. Tuachieni mkuyu, kivuli chake watoto watachezea."

Akagonga ardhi kwa kwato, akangoja mpaka miguu ikafa ganzi. "Hodi wa chini."

"Karibu. Nendeni pale mwinukoni penye vichuguu. Mchwa hajengi palipo na maji."

Akashuka chemchemini. "Hodi wa mteremkoni."

"Karibu. Vyoo vichimbwe upande wa pili wa mwinuko, mbali na maji haya, nami nitafungua mizigo."

Hakuna aliyesema msijenge. Walisema mjenge wapi.

Mkutano ukaamua kwamba nguzo zote zilizopelekwa tambarare zipandishwe mwinukoni, na mbebaji awe Ngiri. Alinung'unika, lakini alibeba.

Masika yaliwahi. Darasa moja tu lilikuwa limeezekwa, na kuta zake zilimfika Sikudhani shingoni. Kule tambarare maji yalijaa, vigingi vya Ngiri vikaelea, na Chura akaimba na ukoo wake wote.

"Mwenyekiti," akasema Nyegere, "pale ungefungua shule ya samaki."

Ngiri aliinua nguzo nyingine.

Sikudhani aliingia darasani na wenzake. Alirudi jioni, ubavu mmoja umelowa.

"Umejifunza nini?" mama akamuuliza.

"Herufi tano. Na mwalimu amesema kesho kila mtoto aje na tofali."

"Utalibeba mwenyewe," mama akasema, akatoka kwenda kutafuta lililo dogo.

Ngano inatufunza hivi: jambo jema nalo linaweza kuumiza watu likifanywa bila kuuliza. Kabla hujachimba, uliza nani yuko juu, nani yuko chini, na maji yanakwenda wapi. Ukiuliza, ngoja jibu.

Hadithi imefika mlangoni, naiacha hapo. Aliyeipenda aondoke nayo. Asiyeipenda, vyombo viko nje havijaoshwa.