Madam Shangwe na Kopo Lake

Madam Shangwe, mwenye duka la vipodozi, alimsukumia mfanyakazi wake, Kidawa, kopo la krimu mbele ya wateja. "Jipake waone unavyong'aa. Ukikataa, huna kazi!"

Kidawa, graduate mwenye ngozi inayovimba hata kwa sabuni ya unga, akatabasamu. "Relax, Madam. Ila kwetu mwenye pombe huonja kwanza, kutoa sumu."

"Haswaa!" wateja wakadakia. "Aanze yeye!"

Kidawa akachota krimu, akamsogezea shavuni.

Madam akaruka. "Weee! Humo mna spiriti, manukato na zebaki! Ngozi yangu sensitive!"

Wateja wakasonya, wakaacha makopo yao kaunta, wakatoka.

Kidawa akalamba kidole. "Uji wa mchele huu, Madam. Sumu yako niliimwaga chooni asubuhi."