Mihuri ya Sungura Rasi Mkadini

Mwaka ule mvua za vuli hazikuja kabisa, na za masika zilisikika zikinguruma mbali, kwenye nchi za wengine. Mito ikawa njia za kupitia. Mabwawa yakapasuka kama visigino. Wanyama wa bara, ambao hawakuwahi kunusa upepo wa chumvi, wakaanza kushuka pwani kundi baada ya kundi, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea kwamba Hifadhi ya Rasi Mkadini ina chemchemi ya maji matamu isiyokauka, hatua chache tu kutoka baharini.

Chemchemi ilikuwepo kweli. Lakini hifadhi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Simba. Hifadhi ilikuwa na mlango, na mlangoni alikaa Bi Kasa. Na mlango ulikuwa na foleni.

Sungura alifika asubuhi moja ulimi umemkauka kama gome. Akaitazama foleni ile, kuanzia mkia wake vichakani hadi kichwa chake mlangoni, akasonya. Akili zote alizojaliwa, halafu akasimame nyuma ya nyumbu wanaotafuna hewa! Akajipenyeza miguuni mwao akisema, "Nipisheni, nina ujumbe, nipisheni jamani," mpaka akachomoza mbele.

"Shikamoo, Bi Kasa."

"Marahaba, mwanangu. Mkia wa foleni uko kule ulikotoka."

"Mimi nilitaka kuuliza tu."

"Wote wanaokuja mbele huwa wanataka kuuliza tu," alisema Bi Kasa, wala hakuinua kichwa.

Alikuwa akimhudumia pundamilia. Alichovya pezi lake katika kifuu chenye rangi ya magome ya mkoko, akaligandamiza begani kwa mgeni, likaacha alama nyekundu iliyokolea. Kisha akamsomea kanuni, neno moja moja, kwa mwendo wake mwenyewe.

"Mgeni haingii bila alama. Mgeni hakanyagi matumbawe. Mgeni hagusi mayai ya kasa, hata kwa kuyaonea huruma. Mgeni haondoki na kitu, hata kombe tupu. Mgeni anakunywa, anashukuru, anatoka jua likiwa bado juu. Na mgeni akikutana na Mfalme, anayasifu manyoya yake."

"Hiyo ya mwisho nayo ni kanuni?" Sungura akadakia.

"Aliiongeza mwenyewe."

"Na asiye na alama?"

Bi Kasa akamtazama kwa mara ya kwanza. "Asiye na alama si mgeni. Mfalme hamli mgeni. Lakini ujue, mwanangu, ukame huu na yeye umemfika."

Sungura akameza mate, au angemeza kama angekuwa nayo. Akauliza zamu yake itafika lini. Bi Kasa akamweleza kwamba chemchemi ina pumzi yake. Wakinywa wengi kwa mkupuo mmoja inageuka tope. Akisimama mkiani sasa hivi, huenda akaingia keshokutwa. Jioni kila anayengoja hupewa funda la maji, hivyo hakuna atakayekufa.

"Funda!" Sungura alinung'unika akiondoka. "Mimi nipewe funda!"

Akaenda kujikunyata kwenye kivuli cha mikoko, amenuna. Ndipo alipoiona njia. Nyuma ya mikoko kulikuwa na uwanja mpana wa tope lililoanza kukauka, umenyooka hadi upande wa nyuma wa hifadhi. Hakuna ua, hakuna mlinzi, hakuna chochote ila kaa wadogo wakikimbia kwenye mashimo yao. Sungura akacheka hadi masikio yakamtikisika. Wajinga hawa wameweka mlango mbele, nyuma wameacha wazi!

Alama tu ndiyo iliyobaki. Akaokota kipande cha kifuu, akakitafuna kingo mpaka kikafanana na pezi la kasa. Akachimbua udongo mwekundu kwenye kichuguu, akaukoroga kwa matone ya maji ya chumvi, akajipiga muhuri begani. Ulipokauka akajigeuza huku na huku akijitazama. Hata Bi Kasa angeapa kwamba ni kazi yake.

Mtu mwenye akili angeingia peke yake, akanywa, akanyamaza. Lakini raha ya Sungura haikuwa kunywa tu. Ilikuwa kuwaona wengine wakimhitaji. Akarudi kwenye foleni, akapita taratibu kando yake, bega lenye alama likiwa upande wa watu.

Wa kwanza kuliona alikuwa Fisi.

"Ndugu yangu Sungura! Umeshapata? Jana hukuwepo hapa!"

"Punguza sauti, bwana. Hiki ni kibali maalumu. Hakitolewi mlangoni."

"Kinatolewa wapi?"

"Kwangu."

Fisi akajilamba. "Hicho kibali maalumu, kinaruhusu nini na nini?"

Sungura akamsoma machoni, akajua mara moja anachokitaka. "Kinaruhusu vyote."

"Hata mayai ya..."

"Mimi sijasema. Lakini vyote ni vyote."

Fisi akatoka kwenye foleni kwa haraka hata akamwangusha jirani yake. Wakakubaliana kwamba malipo yatakuwa kumbeba Sungura mgongoni, asichafue miguu. Alipopigwa alama begani, Fisi hakuondoka.

"Nipige na ya tumboni."

"Ya nini?"

"Tumbo langu nalo lina safari zake. Lipewe kibali chake."

Sungura akampiga na ya tumboni, kwa uso mkavu kabisa.

Wa pili alikuwa Paa. Mwanawe alikuwa amelala ubavuni pake, pua imepauka. "Kaka Sungura," alinong'ona, "zamu yetu ni kesho. Huyu jana aliweza kusimama. Leo hawezi bila kuegemezwa. Kama kuna njia, tafadhali." Mbele yake aliweka kifungu cha majani ya kunde aliyokuwa amemwekea mtoto.

Sungura aliyatazama majani yale, akamtazama yule mtoto, na kitu kikamchoma kidogo mahali fulani chini ya mbavu. Akayala harakaharaka ili kisiendelee kumchoma. Kisha akawapiga mihuri wote wawili.

Wakavuka uwanja wa tope, Fisi mbele na Sungura juu yake kama sultani, Paa nyuma akimsukuma mwanawe kwa pua. Upande wa pili majani yalikuwa mabichi, na harufu ya maji ilimfanya mtoto wa Paa ainue shingo mwenyewe. Lakini kabla hawajaifikia chemchemi, Simba akatokea mbele yao. Alikuwa amekonda, mbavu zilihesabika. Ila shingo aliiinua vilevile.

"Alama," alisema.

Wakageuza mabega. Simba akayatazama moja moja, polepole, kama mtu anayetamani kuona kosa. Fisi akalala chali amwonyeshe na ya tumboni.

"Hiyo ya nini?"

"Ya akiba, Mfalme," Sungura akajibu upesi. "Ila jamani, kwani mimi peke yangu ndiye ninayeyaona manyoya haya? Hata jua limeona aibu!"

Simba akatikisa manyoya yake, akaisahau ile ya tumboni. "Kunyweni," alisema. "Mkamilishe mambo yenu mtoke mapema." Akaenda zake.

Wakanywa. Mtoto wa Paa alikunywa, akapiga chafya, akanywa tena, akaanza kurukaruka. Sungura akapanda juu ya jiwe kubwa kando ya chemchemi, akajinyoosha juani, tumbo limejaa, akapanga kesho atamwingiza nani na kwa malipo gani. Fisi alitoweka kuelekea ufukweni bila kuaga. Paa akashukuru, akamchukua mwanawe, akarudi njia waliyojia ili watoke mapema kama ilivyoamriwa.

Haukupita muda, Paa akarudi mbio, ameloa hadi shingoni, na mtoto ameloa hadi masikioni.

"Kaka Sungura! Njia haipo!"

"Haipo vipi?"

"Kuna maji! Kote ni maji! Tumejaribu kuvuka, tumekaribia kuzama!"

Sungura akasimama juu ya jiwe, akachungulia. Uwanja wake haukuwepo. Mahali pake palikuwa na bahari, imetulia, kama vile ilikuwa pale siku zote. Kumbe bahari ikiondoka huwa inarudi! Bara hakuna aliyewahi kumwambia jambo hilo.

Akageuka awatulize wenzake, na hapo akayaona mabega yao. Yalikuwa safi. Tope jekundu lilikuwa limechirizika hadi kwatoni na kwisha.

Kabla hajapata neno, ukelele ulipasua hewa kutoka ufukweni. Fisi alikuja amekunja mkia, mchanga umemjaa puani. Alikuwa amechimba shimo la mayai, ameingiza kichwa kizima, ndipo wimbi likamfunika kwa nyuma na kumgaragaza.

"Kibali changu kimeyeyuka!" alipiga yowe. "Sungura, nipige kingine! Hata cha tumboni kimeyeyuka!"

Ukelele huo ulimfikia aliyekuwa akiungojea kwa muda mrefu kuliko wote. Simba hakukimbia. Alikuja akitembea, macho yanang'aa.

"Huyu hana alama," alisema akimtazama Fisi. "Huyu hana. Na huyu mdogo hana." Akamfikia Sungura, ambaye hakuwa amelowa hata unywele. "Wewe unayo. Wewe ni mgeni wangu. Unawajua hawa?"

Paa akamweka mwanawe nyuma yake. Alimtazama Sungura tu.

Ulimi wa Sungura, uliozoea kwenda mbio kuliko miguu yake, ulijigonga mara moja. Kisha ukasema: "Siwajui, Mfalme. Ndiyo kwanza nawaona."

"Hata mimi uliyenipanda?" Fisi akalia.

"Amechanganyikiwa na njaa, maskini."

"Mfalme, ngoja kidogo," ilisema sauti kutoka majini.

Nchi kavu Bi Kasa alikuwa mzito kama kinu, lakini maji yalipojaa aliweza kuzunguka rasi yote kabla mtu hajamaliza kupiga miayo. Alikuwa amekuja kuangalia mayai yake. Akajikokota hadi kwenye lile jiwe, akamtazama Sungura begani.

"Huyu alikuja kuniuliza tu," alisema. "Sikumpiga alama. Rangi ya mkoko haitoki kwa maji, Mfalme. Mwogeshe uone."

"Nina mafua!" Sungura akaruka nyuma. "Bi Kasa, mwanao nina mafua makali!"

Simba akampiga kikumbo kimoja, Sungura akatumbukia kwenye chemchemi, akaibuka akitema maji, na muhuri wake ukamtiririka hadi kiganjani. Simba akafungua kinywa. Sungura akaona meno yote, mpaka ya nyuma.

"Mfalme!" alipiga kelele. "Mimi ni mgeni au si mgeni?"

"Huna alama. Si mgeni."

"Haya! Kanuni zote zinaanzaje? Mgeni haingii, mgeni hagusi, mgeni hakanyagi. Kama mimi si mgeni, nimevunja kanuni gani?"

Kinywa cha Simba kilibaki wazi. Alilitafakari neno hilo mbele na nyuma. Hakulielewa vizuri, na kwa kuwa alikuwa Mfalme, hakutaka ionekane. "Hm," alisema. "Hilo nililijua."

"Na mimi!" Fisi akadakia. "Na mimi si mgeni!"

Sungura akaanza kutabasamu. Bi Kasa naye akatabasamu, na lake lilikuwa pana zaidi.

"Amesema kweli," alisema. "Si mgeni. Na aliye ndani ya hifadhi naye si mgeni, basi ni mkaazi. Karibuni nyumbani, wanangu. Mfalme hawali wakaazi wake. Ila wakaazi hunywa baada ya wageni wote, na wakaazi hufanya kazi. Na mkaazi hatoki nje bila ruhusa."

"Hilo pia nililijua," alisema Simba.

Kisha Bi Kasa akamgeukia Paa. Hakumuuliza aliingiaje, kwa kuwa aliyaona kwenye meno ya Sungura majani ya kunde ambayo Paa alikuwa nayo kwenye foleni. Akawapiga alama yeye na mwanawe, akawapitisha kwenye mlango wa mbele, akawaambia kesho warudi kwa zamu yao kama kawaida.

Kuanzia siku ile Fisi akawa mlinzi wa mayai. Alikaa ufukweni akiyanusa chini ya mchanga usiku na mchana, na kila alipoinamisha pua, dada zake Bi Kasa walichomoza vichwa majini wakamsalimia kwa jina. Sungura akapewa kibuyu. Kila jioni alibeba maji hadi mlangoni, akapita foleni nzima akimpa kila mmoja funda lake, na kila mmoja alimwuliza, "Kaka, zamu yangu itafika lini?" Naye ikambidi ajibu, tena kwa adabu. Mtoto wa Paa alipokunywa alimlowesha masikio kwa makusudi.

Mvua ilinyesha hatimaye. Mabwawa ya bara yakajaa, na foleni ikapungua hadi siku moja ikawa haipo kabisa. Sungura akaweka kibuyu chini, akaenda mlangoni, mwepesi wa moyo.

"Shikamoo, Bi Kasa. Naomba niende nyumbani."

"Marahaba, mwanangu. Hakuna shida. Kutoka kunataka alama yake." Bi Kasa akachungulia ndani ya kifuu. "Ila rangi imekwisha. Nakwenda kuchuma magome. Wewe simama kwenye foleni."

Sungura akatazama mbele, akatazama nyuma. "Foleni ipi, Bi Kasa? Niko peke yangu!"

"Basi wewe ndiye wa kwanza," alisema Bi Kasa, akageuka kuelekea mikokoni kwa njia ya nchi kavu, akivuta pezi moja, akipumzika, akivuta la pili.

Sungura akafungua kinywa aseme kitu chenye akili. Hakikuja. Akasimama pale mlangoni, miguu pamoja, akangoja zamu yake.